Miwani, kichwa cha silikoni au uso wa mtu: ujifunzie wapi sindano za urembo hapa Mombasa?

Msimu wa harusi ukikaribia, simu za kliniki za Nyali na kisiwani hulia kwa maombi yale yale: mikunjo ya kati ya nyusi ipungue, midomo ijae kidogo, mashavu yainuke kabla ya siku ya picha. Kazi ipo, na ndiyo maana madaktari, maafisa wa kliniki na wauguzi wengi hunijia na swali moja: sindano za urembo nijifunze kwa njia gani? Miwani ya uhalisia pepe (VR), inayokuonyesha uso wa kuigiza mbele ya macho yako, imeshaingia kwenye kozi. Vichwa vya silikoni vinaagizwa na kuletwa mpaka mlangoni. Na wapo wakufunzi wanaokuruhusu umdunge mtu halisi, wao wakiwa wamesimama begani kwako. Pesa za kulipia ni zile zile chache, na likizo ni ya siku kadhaa tu.

Nimefundisha kwa njia zote tatu. Ninachokiona kila mara ni mtu kulipia moja akiamini atapata kile kinachotolewa na nyingine, na hasara ya kosa hilo huja kuonekana usoni pa mgonjwa. Kwa hiyo nitazipima zote kwa mambo yale yale: zinakufundisha nini kuhusu mishipa iliyo chini ya ngozi, zinauzoeshaje mkono, zinakuandaaje kwa dharura, zinafaa kiasi gani kwa ngozi na nyuso za watu wetu, zinagharimu nini katika hali ya hapa, na zinakupa haki gani ya kufanya kazi.

Ipo njia ya nne, maiti, ambayo kwa kujifunza maumbile ya ndani haijapata mpinzani. Sikuiweka kwenye mizani kwa sababu miili hutolewa kwa vyuo chini ya sheria, na kwa mtu aliyekwisha kuhitimu na yuko kazini Pwani si mlango wa kuubisha wikendi. Ukiipata nafasi hiyo, ichukue.

Mishipa iliyo chini ya ngozi

Ateri ya uso, mshipa unaoleta damu usoni, huvuka mfupa wa taya mbele tu ya msuli wa kutafunia, hupanda kuelekea pembe ya mdomo, hutoa matawi ya midomo, kisha hufuata ubavu wa pua hadi pembe ya ndani ya jicho. Huko hukutana na matawi ya ateri ya jicho, na makutano hayo ndiyo yanayotunyima usingizi. Fila, ile dawa nzito ya kujaza midomo na mashavu, ikiingia ndani ya ateri kwa msukumo mkubwa inaweza kurudi nyuma dhidi ya mkondo wa damu. Msukumo ukilegea, damu huibeba mbele hadi ateri ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaotuwezesha kuona. Maeneo yaliyoripotiwa zaidi kwa ajali hiyo ni kati ya nyusi, pua, paji la uso na mkunjo unaoshuka kutoka pua hadi mdomoni. Ndiyo yale yale wateja wanayoyataka.

Miwani hapa inatia fora. Unaibandua ngozi, unaona mafuta, unaona msuli, unainama na kuutazama mshipa kwa upande kana kwamba umeingia shavuni. Nimeona wauguzi waliokuwa wakikariri majina ya mishipa kwa miaka wakielewa mara moja kwa nini kina cha milimita chache kinabadilisha kila kitu. Kasoro yake ni kwamba programu nyingi hukupa uso mmoja wenye mishipa ya kitabuni, wakati binadamu hutofautiana. Hata shavu la kulia na la kushoto la mtu mmoja huenda yasilingane. Kabla hujalipa, uliza kama mishipa hubadilika kutoka uso mmoja hadi mwingine. Jibu likiwa hapana, unajifunza ramani ya mtu asiyekuwepo.

Kichwa cha silikoni kwa kawaida hakina kitu ndani, na vile vyenye mirija ya kuigiza ateri huonyesha mahali bila kuonyesha tabaka. Mtu halisi hakuonyeshi chochote, ila anakupa kitu ambacho vingine havina: ukiweka kidole kwenye ukingo wa taya utausikia mpigo wa ateri yenyewe.

Mkono

Nikusimulie tukio moja. Muuguzi tuliyekuwa naye kwenye mafunzo alivaa miwani asubuhi nzima na akafika mahali hakosei hata nukta moja ya kati ya nyusi. Nukta hizo za kudunga ni 5, na dozi ya kawaida ya Botox, dawa inayolegeza misuli inayokunja ngozi, hapo ni yuniti 20, yuniti 4 kila nukta. Alasiri nikampa bomba la sindano la mililita 1 na kichwa cha silikoni. Kichupa cha yuniti 100 kikichanganywa na mililita 2.5 za maji ya chumvi, yuniti 4 ni mililita 0.1 tu, yaani mgandamizo mdogo wa kidole gumba ambao hata hauonekani. Nukta ya kwanza akamaliza nusu ya bomba. Akasimama, akaliangalia lile bomba, akaniuliza:

"Daktari, mbona kule ndani nilikuwa sikosei?"

"Kule ndani, sista, ulikuwa ukibonyeza kitufe."

Vishikio vya miwani ya kawaida hutetemeka tu. Havikupi ule ukinzani wa ngozi kabla haijatoboka, wala mfupa unaogota kwenye ncha. Vipo vifaa vya mkono vinavyorudisha nguvu, lakini bei yake ni ya vyuo na kampuni, si ya mtu binafsi. Isitoshe, dawa mbili tunazozitumia zina tabia zinazopingana: Botox ni nyepesi kama maji na hukutoroka, fila ni nzito, inakataa kutoka, halafu inaachia ghafla. Kidole gumba lazima kijifunze zote mbili, na shule yake ni silikoni. Silikoni ya bei ya chini ni ngumu kuliko ngozi ya mtu, kwa hiyo wapo wanaoongeza paja la kuku lenye ngozi yake kutoka sokoni Kongowea. Ni zoezi zuri la kujua ncha iko ngozini, kwenye mafuta au imegusa mfupa, na ukimaliza tupa kila kitu kama taka za kliniki.

Wanaouza miwani huwa na tafiti za upasuaji mkononi, na ni haki zisomwe. Utafiti maarufu wa Chuo Kikuu cha Yale uliochapishwa mwaka 2002 uliwapima madaktari 16 waliokuwa wakijifunza kutoa kifuko cha nyongo kwa kamera. Waliozoezwa kwa mashine ya kuigiza walikata kwa kasi zaidi kwa asilimia 29, na wasiozoezwa walikuwa na uwezekano mara 5 zaidi wa kujeruhi kifuko au kuchoma nyama isiyohusika. Ushahidi huo ni wa nguvu, lakini upasuaji wa kamera wenyewe hufanywa kwa kutazama skrini na kushika vipini virefu, kwa hiyo mashine ilifanana sana na kazi. Sindano ya uso hufanywa kwa kidole kilichoigusa ngozi. Ninachokichukua pale ni jambo jingine: wale madaktari walifanya mazoezi mpaka wafikie kiwango kilichowekwa, si mpaka saa ziishe. Miwani hukuwekea kumbukumbu ya kila jaribio, na kwa hilo inamshinda mkufunzi aliyechoka.

Kwa mtu halisi, mkono unajifunza kile ambacho hakiigiziki: paji linalokunjwa kwa woga, kichwa kinachoruka, damu inayochuruzika ukiwa bado una nukta 3 mbele.

Dharura

Hapa ndipo nitakapokaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo mtu hupoteza jicho au pua.

Mshipa ukizibwa na fila, dalili zinaweza kuwa maumivu makali, ngozi kubadilika rangi, madoa ya wavuwavu, na damu kuchelewa kurudi ukibonyeza. Maumivu nayo yanaweza yasiwepo kabisa, kwa kuwa fila nyingi zina lidokeni, dawa ya ganzi, ndani yake. Kazi ya kwanza ni kuacha kudunga papo hapo. Fila ikiwa ya asidi ya hayaluroniki, huyeyushwa kwa kimeng'enya cha hayaluronidezi, kwa dozi kubwa inayorudiwa mpaka damu irudi. Fila za kalsiamu haziyeyuki kwa dawa hiyo, na mwanafunzi anapaswa kulijua hilo kabla hajafungua pakiti. Mgonjwa akisema haoni vizuri, retina haina subira: tunahesabu dakika.

Miwani ndiyo pekee inayoweza kukuweka ndani ya saa hiyo bila kumuumiza mtu. Unadunga mkunjo wa pua, shavu linaanza kufifia, mgonjwa wa kuigiza anauliza mbona macho yanaingia giza, saa inakimbia. Mara ya kwanza wengi huganda. Nimewaona wakishusha mikono na kunitafuta mimi ndani ya chumba ambacho simo. Mara ya nne au ya tano mikono inakwenda yenyewe. Silikoni haififii. Na mtu halisi, Mungu aepushe, hatumtengenezei ajali ili mwanafunzi aione. Ndiyo maana mtu anaweza kumaliza mafunzo ya kudunga watu, nyuso 30 zikapita salama, akatoka na cheti akiwa hajawahi kuiona hatari hata kwa picha.

Ila miwani nayo ina pengo ambalo nililigundua kwenye kliniki moja niliyowahi kufanya kazi. Baada ya siku mbili za mazoezi mazuri ya kuigiza, niliwaambia wafanyakazi tuigize pale pale, kwa saa ya mkononi: shavu limebadilika rangi, leteni hayaluronidezi. Ilikuwa Ijumaa mchana. Vichupa vilikuwa kwenye friji ya famasi, orofa ya chini. Friji ilikuwa imefungwa. Ufunguo alikuwa nao mfamasia, na mfamasia alikuwa msikitini. Ndani ya miwani dawa ilikuwa mkono wa kulia kila mara.

Na hapa kwetu lazima uongeze barabara. Ukidunga Mtwapa na daktari wa macho yuko kisiwani, katikati kuna Daraja la Nyali na msongamano wake. Ukidunga Diani, kivuko cha Likoni kinakungoja. Zoezi la dharura ambalo halijataja jina la daktari wa macho utakayempigia na njia utakayopita bado halijakamilika, uwe umelifanyia ndani ya miwani ya bei gani.

Ngozi na nyuso za watu wetu

Vitabu vingi hufundisha kwamba mshipa ukizibwa ngozi huwa nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi weupe huo unaweza kuonekana kama kijivu, kama majivu yaliyopakwa kidogo, au usionekane kabisa chini ya taa ya manjano. Unabonyeza kwa kidole, unaachia, unahesabu, unalinganisha na upande wa pili. Kwa midomo, unaigeuza na kutazama ndani, kwenye utando mwekundu. Nyuso nyingi za miwani nilizozitumia zilikuwa za Wazungu, na hata ile iliyopakwa rangi nyeusi ilififia kwa namna ile ile ya uso mweupe. Nalichukulia hili kuwa kosa zito, si dogo la urembo wa programu, kwa kuwa linamfundisha mtu kungoja dalili ambayo huenda isije.

Silikoni haidai kukufundisha rangi. Mtu halisi anashinda hapa bila ubishi, mradi watu wa mazoezi wawe mchanganyiko wa hapa: ngozi nyeusi ti, maji ya kunde, nyuso za Kiswahili, za Kihindi, za Kimijikenda. Ndipo utakapokumbuka pia kuuliza habari za makovu yanayovimba, ambayo ni ya kawaida zaidi kwa watu wenye ngozi nyeusi, na ndipo utakapomsikia dada akikwambia hataki pua "iliyochongwa", anataka pua ya mama yake isiyo na uchovu juu yake. Programu haina mama.

Gharama, umeme na joto

Meta Quest 3 ilipotoka mwaka 2023 iliuzwa dola 499 kule Marekani, na Quest 3S ya 2024 ilianzia karibu dola 300. Ongeza usafirishaji, ushuru na VAT ya asilimia 16. Kwa vikundi hiyo si bei ya kutisha. Kinachouma ni programu yenyewe ya mafunzo, ambayo mara nyingi hulipiwa kwa mwaka na kwa kila mtumiaji. Betri hudumu kama saa mbili, kwa hiyo umeme ukikatika huchelewi kuhisi. Wengine hupata kichefuchefu. Waanze kwa dakika 10. Joto la Februari huilowesha sifongo ya miwani baada ya watu wawili, basi nunua kifuniko cha kufutika na ufute kwa kila mtu. Wenye mitandio wavae ya kubana isiyo na pini ubavuni, maana mkanda hukandamiza pini dhidi ya kichwa.

Silikoni ni rahisi kuliko zote na haihitaji umeme. Hutobokatoboka, na baada ya muda sindano hufuata matundu ya zamani. Ikifika hapo, badilisha.

Mtu halisi ni ghali kwa njia nyingine. Dawa ni ya kweli, lazima ikae nyuzi 2 hadi 8, na maelekezo ya Botox yanataka kichupa kilichochanganywa kitumike ndani ya saa 24. Kuna ada ya mkufunzi, mara nyingi na safari ya Nairobi pamoja na malazi. Na kuna deni kwa aliyelala kitandani: aambiwe wazi kwamba anayemdunga anajifunza, aandike ridhaa, apewe nambari ya simu itakayopokelewa usiku. Kope ya jicho ikimlegea na kushuka, ataishi nayo kwa wiki kadhaa, na wewe ndiye utakayejibu simu zake.

Haki ya kufanya kazi

Kwa kifupi: hakuna kati ya njia hizi inayoipanua leseni yako. Daktari na daktari wa meno waulize Baraza la Madaktari, muuguzi aulize Baraza la Wauguzi, afisa wa kliniki aulize baraza lake, na dawa ziwe zimesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Uliza kabla ya kulipa ada ya kozi, kwa maandishi.

Uchague nini, ukiwa katika hali ipi

Kama hujawahi kudunga uso wowote na una wiki moja tu ya likizo, lipia kozi yenye miwani na mtu halisi chini ya msimamizi, na agiza kichwa cha silikoni mwezi mmoja kabla ili kidole gumba kifike darasani kikiwa kimezoea.

Kama tayari unadunga Botox kwa utulivu na sasa unataka kuingia kwenye fila, upungufu wako mkubwa huenda ni ramani na dharura. Siku mbili za miwani, ukirudia ajali ya mshipa mpaka mikono isigande, zitakufaa kuliko kudunga midomo 10 mingine.

Daktari wa meno au wa ngozi anayeijua mishipa kama njia ya nyumbani kwake, lakini mkono wake haujazoea fila, abaki na silikoni na kuku kwa majuma kadhaa, kisha atafute msimamizi.

Kama ulijifunza ng'ambo, kwa miwani ya kisasa na nyuso za kule, njoo ukae pembeni ya mwenzako wa hapa kwa nyuso kadhaa za ngozi nyeusi kabla hujashika sindano mwenyewe. Muda wako uutumie kubonyeza na kuhesabu damu inavyorudi.

Mwenye kliniki na wafanyakazi watano au sita anapata faida ya miwani kuliko mtu mmoja mmoja, kwa sababu gharama inagawanyika na mazoezi yanarudiwa kila mwezi. Aliye peke yake na mfuko mwepesi asikope kwa ajili ya miwani. Kichwa cha silikoni na nafasi ya kumtazama mkufunzi mzuri akifanya kazi vinampeleka mbali, ila fila za pua na za kati ya nyusi aziache kwanza.

Na aliye Diani, Mtwapa au Kilifi, uwe umechagua njia yoyote: hayaluronidezi ikae chumba kile kile unachodungia, ufunguo uwe na watu wawili walio zamu, na nambari ya daktari wa macho ibandikwe kwenye mlango wa friji kwa maandishi makubwa.